Akala za mia tano ndani ya korongo la Marafa

Haya, asalaam aleikum, karibuni tena. Nimesimama ukingoni hapa Marafa, kilomita thelathini na kitu kutoka Malindi. Wageni wanapaita Hell's Kitchen, Wagiriama wanapaita Nyari. Hadithi ya matajiri waliooga maziwa mpaka ardhi ikawameza mnaijua: udongo mweupe ule ukutani mwa korongo ni maziwa, mwekundu ni damu. Basi, leo tuna kazi ya viatu.

Hizi hapa. Akala. Tairi la gari na misumari, kwisha. Fundi sokoni alianza na mia nane, tukavutana mpaka mia tano. Hajanilipa mtu, na fundi mwenyewe hajui kama ninamtangaza.

Hii video imeletwa na hasira. Niliagiza buti za kupandia milima mtandaoni, elfu saba, za nani sisemi. Zikaja nzuri, zinanukia upya, nikazileta hapa hapa. Mchanga, jamani! Unaingilia juu kwenye kifundo, ukishaingia umehamia. Nilikaa kitako mara nne: fungua kamba, vua, kung'uta, funga tena. Mzunguko wa saa moja nikaumaliza kwa saa mbili, na jua lile.

Sasa shusha kamera. Shusha, shusha, hapo. Mnaona mteremko huu, udongo umekauka unameguka. Natanguliza kisigino... mmesikia krrr? Meno ya tairi hayo. Mchanga umeingia, sikatai, huu hapa chini ya unyayo. Ngoja. Natikisa mguu hivi, umetokea ubavuni. Wa kushoto: hatua, hatua, tikisa. Umetoka! Sijainama, sijagusa kamba. Rudia tena, yule wa nyuma hakuona. Tikisa. Mashallah.

Kuna aliyeuliza kama kuna milima. Mlima hakuna, ndugu yangu. Vile vilele ni mchanga mgumu, umechongwa na mvua na upepo, ila jua likilala vinawaka rangi ya chungwa utadhani moto. Njooni saa kumi jioni, saa sita mtaokwa. Wanyama? Huyu mjusi hapa juu ya jiwe ndiye mwenyeji wetu. Mkitaka zaidi nendeni msitu wa Arabuko-Sokoke mkamtafute sange, yule mwenye pua ndefu na matako ya dhahabu.

Kasoro? Mkanda wa mbele ulinichubua kidole siku ya kwanza, nikaupaka mafuta ya nazi, ukalainika. Na ni nzito. Mvua sijazijaribia, kwa hiyo msiniulize.

Halafu, nisiwafiche, shangazi yangu alishuka humu mwaka jana na kanga yake na ndala za bafuni, akanisubiri kule juu anakula embe. Njia yenyewe ni rahisi. Lakini shangazi ni shangazi, msijipime naye.

Wiki ijayo tuko Lamu, kwenye vilima vya mchanga vya Shela. Wale wa buti mnaonitukana kwenye maoni, leteni buti zenu tushindane. Bonyezeni kengele. Mtembeza wageni ananiita huko, betri imebaki asilimia nne, na kupanda bado... ngoja kwanza nitikise.