Tathmini ya Kazi ya Wakala wa Vyombo Majumbani, Baada ya Miezi 14

Kwa miezi 14 nimekuwa wakala wa kampuni moja inayouza vyombo vya kuhifadhia chakula kwa njia ya maonyesho ya nyumbani hapa Dar es Salaam, na kwa kuwa kila wiki akina dada wa Sinza, Kimara na Tabata wananiuliza kama kazi hii inalipa, nimeona niandike tathmini kamili, nikianza na bidhaa yenyewe, kisha fedha, kisha mkataba. Jina la kampuni sitalitaja, kwa sababu ninayoyaeleza yanafanana sana na niliyoyasikia kwa mawakala wa kampuni nyingine, na ninachotaka ni kwamba msomaji aweze kuusoma mkataba wowote atakaowekewa mezani.

Kifurushi cha kuanzia nilikinunua kwa shilingi 250,000, na ndani yake kulikuwa na vyombo tisa vyenye vifuniko, begi la kubebea, vitabu kumi vya picha na bei, na daftari la oda. Vyombo ni vizuri, nalisema hilo bila kusita. Anayeishi mji huu anajua chumvi inavyokuwa wakati wa masika, inavyoshikana na kutoa maji hata ukitikisa kopo haitoki kitu. Chumvi niliyoitia kwenye chombo cha kampuni mwezi wa Machi ilikuwa bado inamwagika kama mchanga mkavu mwezi wa Mei. Sukari haijawahi kuingiliwa na sisimizi. Kopo la ukubwa ule ule nililonunua Kariakoo kwa shilingi 12,000, nikaliweka jikoni pembeni mwa lile la kampuni ili nilinganishe, lilipinda kifuniko wiki ya tatu nilipolitia maharage ya moto, na tangu siku hiyo nalitumia kuwekea vibanio vya nguo.

Lakini chombo cha kampuni kinauzwa shilingi 48,000, na mnunuzi ana haki ya kujua bei hiyo inakwenda wapi. Katika shilingi 48,000, asilimia 25 ni kamisheni yangu, yaani 12,000. Asilimia 5, yaani 2,400, inakwenda kwa kiongozi aliyeniandikisha. Na asilimia 3, yaani 1,440, kwa aliyemwandikisha yeye. Hivyo shilingi 15,840 zinagawanywa kwa watu watatu kabla kampuni haijapata chake, na mmoja tu kati ya hao watatu ndiye aliyebeba begi. Sioni ubaya wa kamisheni yenyewe, kwani hata muuza duka wa Kariakoo analipa pango, mzigo na vijana wa dukani. Swali ni kama mnunuzi anapata huduma inayolingana na fedha hiyo, na kwa upande wangu jibu linategemea onyesho.

Njia hii ya kuuza ilipata nguvu kwa sababu ya kifuniko. Earl Tupper wa Marekani alipoingiza sokoni vyombo vyake vya plastiki, Tupperware, mwaka 1946, dukani havikutoka vizuri, kwa kuwa watu hawakujua kwamba kifuniko kinabonyezwa katikati na ukingo unainuliwa kidogo ili hewa itoke, ndipo kishike. Ilibidi mtu aonyeshe kwa mikono yake. Brownie Wise, mama aliyekuwa akilea mtoto wake peke yake, aliuza vyombo hivyo kwa wingi sana katika vikao vya majumbani kiasi kwamba mwaka 1951 kampuni iliviondoa madukani kabisa na kumkabidhi yeye usimamizi wa mauzo. Mwaka 1954 akawa mwanamke wa kwanza kutokea kwenye jalada la jarida la Business Week, na mwaka 1958 akafukuzwa, akaondoka bila hisa hata moja katika kampuni aliyoikuza. Historia hiyo nimeikumbuka mara nyingi ninapopewa cheti cha pongezi kwenye mkutano wa mawakala.

Hapa kwetu kikao cha wanawake sebuleni hakikuhitaji kufundishwa na kampuni yoyote. Tunazo kicheni pati, tunavyo vikoba, tunayo michezo ya fedha, na mwanamke wa Dar anajua kuketi na wenzake wakitazama sufuria, wakiuliza imetoka wapi na imepatikana kwa kiasi gani. Ninapofika nyumba ya mwenyeji naomba juisi ya ukwaju, najaza chombo cha lita moja, nafunga, kisha nakigeuza kichwa chini juu ya kitambaa cheupe cha kufuma kilichotandikwa kwenye kochi. Sebule nzima hunyamaza. Mwenye nyumba hushika kifua. Sekunde kumi zikipita bila tone kudondoka, mikono inanyooka kukishika chombo, kila mmoja anataka kukifungua na kukifunga mwenyewe, na hapo ndipo kinapouzwa. Duka halina nafasi ya kufanya jambo kama hilo, na huduma hii naipa alama za juu kabisa.

Sasa nije kwenye fedha, mahali ambapo mafunzo ya kampuni hupita harakaharaka. Nitatoa hesabu ya Jumamosi moja ya mwezi wa Septemba, nyumbani kwa jirani wa dada yangu Tabata, kwa sababu yote niliiandika daftarini usiku ule ule. Walialikwa wanawake 18, wakaja 11, na oda zikafika shilingi 386,000. Kamisheni yangu ilikuwa 96,500. Humo nilitoa 24,000 za zawadi ya mwenyeji, ambayo wakala hununua kwa fedha yake. 16,000 za bajaji ya kwenda na kurudi na mabegi mawili. 15,000 za kuchangia vitafunwa. 3,000 za bando. 14,000 za bodaboda mzigo ulipofika baada ya siku tisa nikausambaza kwenye nyumba saba. Na 4,500 za makato ya kutuma fedha kwa simu. Jumla ni 76,500, nikabaki na shilingi 20,000. Ukihesabu saa nne za onyesho, saa tano za kusambaza na saa mbili za kupiga simu na kukumbushia, hiyo ni chini ya shilingi 2,000 kwa saa. Mteja mmoja aliyechukua chombo kwa mali kauli alimaliza kulipa baada ya miezi miwili, ilhali mimi nilikwisha kuilipa kampuni kwa fedha taslimu.

Onyesho lililonilipa kuliko yote lilifanyika Mbezi Beach, siku tatu baada ya mishahara kutoka, ambapo wanawake 14 waliagiza vyombo vya shilingi 910,000. Kamisheni ilikuwa 227,500, gharama 96,000, nikabaki na 131,500. Linganisha hesabu hizi mbili: mauzo yalizidi mara mbili na zaidi, gharama zikaongezeka kwa 19,500 tu, na kilichobaki mkononi kikawa zaidi ya mara sita. Bajaji haiulizi umeuza kiasi gani. Kwa hiyo wakala anayefanya maonyesho mengi madogo katikati ya mwezi, kama nilivyofundishwa, anachoka na kuwatajirisha wenye bajaji, wakati anayefanya onyesho moja lililoandaliwa vizuri mwishoni mwa mwezi, kwa mwenyeji anayeheshimika mtaani kwake na aliyewapigia wageni simu mwenyewe, anaweza kupata kitu. Hili nililigundua baada ya maonyesho tisa, na ningefurahi sana kama kiongozi wangu angeniambia kabla ya la kwanza.

Kwa miezi yote 14 nimefanya maonyesho 22, na faida baada ya kutoa gharama na bei ya kifurushi ni kama shilingi 1,140,000. Ningeishia hapo, ningesema ni nyongeza ya heshima kwa mtu mwenye shughuli nyingine. Lakini chini ya kitanda changu kuna vyombo nilivyovinunua mwenyewe kwa shilingi 430,000, ambavyo hakuna mteja aliyeviagiza, na sababu yake imo kwenye mkataba.

Mkataba una kurasa 11 na umeandikwa kwa Kiingereza. Unasema wakala lazima apitishe mauzo ya shilingi 200,000 kila mwezi ili namba yake ya uwakala ibaki hai. Mwezi usipofika, kamisheni inashuka kutoka asilimia 25 hadi 15, na miezi miwili ikifuatana, namba yake inafutwa. Miezi minne sikufika. Kila mara, siku mbili kabla ya kufunga mwezi, kiongozi wangu alinipigia kwa sauti ya upole akinishauri nijazie mwenyewe, eti vyombo haviozi. Ni kweli haviozi, lakini ada ya mtoto ilichelewa kwa ajili yake. Nilipotaka kuvirudisha nikaonyeshwa ukurasa wa nane: kurudisha ni ndani ya siku 30, na asilimia 20 inakatwa. Kanuni za maadili za shirikisho la dunia la vyama vya uuzaji wa moja kwa moja, yaani wa wakala kwa mteja bila duka, zinataka kampuni imrejeshee wakala anayeacha kazi si chini ya asilimia 90 ya bei aliyonunulia, kwa bidhaa zinazouzika alizozinunua ndani ya miezi 12. Tofauti ya siku 30 na miezi 12 ndiyo inayoamua nani anabeba hasara, na kwangu hili ndilo doa kubwa kuliko yote katika huduma ya kampuni hii.

Jambo la pili ni kuandikisha watu. Wiki ya kwanza niliagizwa niandike majina 100 ya watu ninaowafahamu, ndugu kwanza. Jina la juu kabisa lilikuwa la mama mdogo wangu wa Mbagala, ambaye alitoa shilingi 250,000 za kifurushi kutoka kwenye mgawo wake wa kikoba kwa sababu aliniamini mimi, si kampuni. Anapika na kuuza maandazi tangu sijazaliwa, na biashara anaijua. Mwezi wa tatu aliniita, akanikalisha kwenye mkeka, akaniambia, "Mwanangu, kuuza naweza. Kuwaambia wenzangu watoe fedha zao za kikoba kama nilivyotoa mimi, hilo siwezi." Nilikichukua kifurushi chake nikamrudishia fedha yake yote kwa awamu nne, na tangu siku hiyo sijaandikisha mtu mwingine.

Alichokisema ndicho sheria inachokiangalia. Kanuni yetu ya Adhabu inakataza mipango ya piramidi, yaani ile ambayo fedha ya waliotangulia hutoka kwa wanaoandikishwa nyuma yao, na wengi tunakumbuka upatu wa DECI uliosimamishwa mwaka 2009 baada ya watu kushawishiwa kupanda mbegu na kungoja mavuno. Kampuni yenye bidhaa halisi si DECI, na haifai kuchanganya mambo hayo mawili. Hata hivyo bidhaa peke yake haimalizi swali. Mwaka 1979 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliamua kwamba Amway, kampuni ya huko inayouza bidhaa kwa mawakala kama sisi, haikuwa piramidi, na iliangalia mambo mahususi: hakukuwa na malipo kwa kuandikisha tu, wakala alitakiwa kuuza asilimia 70 ya mzigo kabla ya kuagiza mwingine, kuonyesha kuwa amewauzia wateja kumi tofauti, na mzigo uliobaki uliweza kurudishwa. Tume hiyo hiyo ilikemea ahadi za mapato zilizotiwa chumvi. Nikiupima mkataba wangu kwa vipimo hivyo, sioni malipo ya kuandikisha tu, na hilo ni la kuishukuru kampuni. Lakini hakuna anayeuliza kama nina wateja kumi, na hakuna anayeuliza vyombo vimefika jikoni kwa mtu au vimebaki chini ya kitanda changu.

Hivi karibuni kampuni imeanza pia kutupa krimu na vidonge vya kupunguza tumbo tuviuze pamoja na vyombo. Nimekataa. Vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu mabadiliko ya mwaka 2019, na dawa ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Sitampa jirani yangu kidonge ambacho sijaonyeshwa usajili wake, hata kama kamisheni yake ni kubwa kuliko ya vyombo.

Kwa mwanamke mwenye kipato kingine, mwenye watu wanaomheshimu, na asiyeona tabu kubeba begi Jumamosi moja kwa mwezi, kazi hii ninaipendekeza kwa masharti: asinunue mzigo usio na oda, asikopeshe zaidi ya anachoweza kupoteza, na asome kifungu cha kurudisha bidhaa kabla ya ukurasa wa zawadi. Anayetafuta mshahara wa kulipia kodi ya nyumba asiingie kwa kutegemea hesabu zinazoonyeshwa kwenye semina, ambako nilisikia shilingi milioni moja kwa mwezi ikitajwa kama jambo la kawaida.

Mimi bado nafanya onyesho moja kila mwisho wa mwezi. Mkataba wangu unakwisha Juni, na nimemwandikia kiongozi wangu barua kwamba nitauhuisha endapo utatolewa kwa Kiswahili na muda wa kurudisha bidhaa ukaongezwa hadi miezi 12. Aliipokea, akasema ataifikisha makao makuu, na hii ni wiki ya sita nangoja majibu.