Karura kwa Mtembezi wa Peke Yake: Namba, Tope na Mbega

Mtu akikuambia Karura ni bustani ya kupigia picha tu, muulize kama amewahi kushuka kwenye maporomoko siku moja baada ya mvua ya Aprili. Huu ni msitu wa zaidi ya hekta 1,000 katikati ya Nairobi, umekatwa vipande na Limuru Road na Kiambu Road, na vijia vyake vikiunganishwa vinapita kilomita 50. Arboretum, bustani ya miti iliyo jijini humo humo, ina hekta 30 hivi. Saa moja na nusu umeimaliza. Anayetaka kutembea peke yake nusu siku bila kurudia njia, jijini sioni pengine pa kumpeleka, mradi ajue kusoma namba na kuchagua siku.

Kwanza namba. Njia panda za Karura zina nguzo zenye namba, na ramani ya getini inaonyesha namba hizo hizo. Ipige picha hapo hapo getini, maana ukishashuka bondeni mtandao wa simu hauaminiki. Wengi hupotea kwa kuhesabu kona badala ya kusoma nguzo. Mikaratusi iliyopandwa kwa mistari inafanana kila upande, na ukiruka kona moja unaweza kwenda nusu saa ukijidanganya kwamba umekaribia. Wala usitarajie namba zifuatane kama milango ya ploti. Kila nguzo unayoipita, ipige picha. Ukikwama, mwambie askari wa msitu namba ya mwisho uliyoiona. Ukimwambia "niko karibu na mti mkubwa", hujamwambia kitu.

Mzunguko unaofaa kwa mara ya kwanza ni kuingia geti la Limuru Road, kuelekea mapango na maporomoko, kisha kurudi kwa kijia kingine. Tenga saa tatu, pamoja na kusimamasimama. Maporomoko ya Mto Karura yana urefu wa takriban mita 15, na hupendeza zaidi maji yakiwa mengi, yaani wakati ule ule njia ya kushukia inapokuwa mbaya. Maji yenyewe usinywe wala usinawie uso, kwa kuwa mto umeshapita kwenye makazi ya watu kabla ya kufika hapo. Mapango yalitumiwa na wapiganaji wa Mau Mau, na historia yake ni nzito kuliko ukubwa wake. Ukienda kwa ajili ya pango tu utaona ni padogo.

Sasa tope. Udongo wa Karura ni mwekundu, wa mfinyanzi. Ukilowa, safu ya juu huteleza kama sabuni na ya chini hunata, hivyo hatua ya kwanza inakutelezesha, na kufikia ya kumi kila kiatu kimebeba kilo ya udongo. Raba za kukimbilia zenye soli bapa hazikufai kitu. Vaa soli yenye meno makubwa, na ukwangue tope kwa kijiti kabla ya kuteremka, si baada. Usikwepe dimbwi kwa kupita kwenye nyasi za pembeni. Nyasi huficha mtaro, na kijia nacho huzidi kupanuka. Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, subiri jua la siku mbili ndipo uende. Kwenye miteremko mikavu kuna mtego mwingine: kokwa ngumu za mti wa mukinduri, ambazo huviringika chini ya kiatu kama gololi.

Mvua pia huwatoa siafu. Kwa mbali msafara wao ni kama kamba nyeusi iliyotupwa njiani. Ukiinama unaona kamba inatembea, na pembeni wamesimama askari wenye vichwa vikubwa, taya wazi. Uruke bila kusimama. Wakianza kuuma ujue wameshafika magotini: ondoka hapo kwanza hatua ishirini, ndipo uwabandue mmoja mmoja. Suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi huzuia wengi, na kupe pia. Kando ya mito angalia thabai, mmea unaowasha ngozi, kabla hujashika tawi lolote.

Thawabu yake iko juu ya miti. Mbega weusi kwa weupe walihamishiwa hapa kutoka Kipipiri, na sasa wanaonekana wazi kwa anayetembea kimya asubuhi. Hula majani, hivyo chakula chako hakiwahusu. Tafuta mkia mweupe unaoning'inia kama shuka iliyoanikwa, kisha usimame. Wakiruka, manyoya ya mabegani hufunguka kama joho. Kima ndio wezi. Karibu na maegesho na sehemu za kulia, ndizi iliyo mkononi ni yao.

Mambo ya getini ni mafupi. Hulipi kwa noti, unalipa kwa simu, hivyo fika na chaji. Bei ya raia, mkazi na mgeni hutofautiana, beba kitambulisho. Chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye misitu ya Kenya tangu Juni 2020, kwa hiyo chukua ya chuma, lita moja na nusu.

Siku nzuri ni Jumanne hadi Alhamisi, saa moja asubuhi. Jumamosi na Jumapili baiskeli hushuka kwa kasi kutoka nyuma yako. Shika upande mmoja na uache sikio moja bila spika. Ila kwa anayeogopa upweke, wikendi ndiyo yake, maana kila kona kuna watu. Jua la Nairobi huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, lakini chini ya miti giza hutangulia. Ukiwa bado kwenye maporomoko saa kumi na moja jioni, umechelewa, kwani kurudi ni kupanda.

Aliyekuja kwa matatu anaweza kuingia upande wa Limuru Road na kutokea Kiambu Road, akapanda namba 100 kurudi mjini. Aliyekuja na gari asijaribu: akitoka huko atalipa teksi ya kumzungusha msitu mzima hadi alikoliegesha.