Meza za magazeti Arusha mjini: habari ya uchunguzi ipo, ila iwahi

Anayetafuta habari ya uchunguzi Arusha mjini ana njia tatu: meza ya magazeti, toleo la kwenye simu, na ile picha ya ukurasa wa kwanza inayozungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Ya tatu tuitoe mapema. Ushahidi hukaa kurasa za ndani, kwenye aya ambazo hakuna anayejisumbua kuzipiga picha. Kuperuzi magazeti redioni nako hakutoshi, maana 2017 waziri mwenye dhamana ya habari alielekeza visomwe vichwa tu.

Alama za juu tunazipa meza zilizo kati ya Mnara wa Saa na Soko Kuu. Dosari zipo. Magazeti mengi huchapwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600. Gari likikwama njiani, asubuhi utapanga foleni mbele ya gazeti la jana. Dosari kubwa zaidi ni marejesho: nakala zisizouzwa hurudi kwa wakala, kwa hiyo habari ikitoka kwa sehemu tatu na ukaikosa ya kwanza, ndiyo basi. Dawa yake ni kumwambia muuzaji "niwekee" na kumwachia hela kabisa. Ataandika jina lako kwa peni juu ya tarehe na kulichomeka chini ya rundo. Usipomwachia hela, atampa mwingine, na hana kosa.

Kabla ya kulipa, fungua ndani. Ukurasa mmoja anavumilia. Ukifika wa tatu atakuuliza kama unanunua au unasoma. Tafuta nyaraka zilizotajwa kwa mwaka wake. Ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi, Aprili huwasilishwa bungeni, na baada ya hapo ni ya kila mtu; mwandishi anayesema "kwa mujibu wa CAG" bila kutaja mwaka wa hesabu huenda ameisikia tu. Kisha mtazame mtuhumiwa. "Hakupatikana" peke yake ni uvivu. Kazi safi inaeleza aliulizwa nini, lini, kwa simu au kwa barua. Na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi ya umma hadi siku 30 kujibu maombi, ndiyo maana gazeti lenye "uchunguzi" kila siku tunalitilia shaka.

Mkoa huu una kipimo chake. Mwaka 1993 Stan Katabalo wa gazeti la Mfanyakazi alifuatilia jinsi kitalu cha uwindaji cha Loliondo kilivyogawiwa kwa mgeni kutoka Falme za Kiarabu. Migogoro ya ardhi ya huko ingali habari hadi leo. Andiko la aina ile linastahili bei ya gazeti hata kama kurasa nyingine zote ni michezo na matangazo ya zabuni.

Toleo la simu linashinda kwa jambo moja tu: matoleo ya nyuma hayapotei. Lakini kurasa nzima hula bando, na safu ndefu kwenye kioo kidogo huchosha macho mapema. Mfululizo ukianza, lipia simu kwa kipindi hicho. Siku nyingine nenda mezani asubuhi, na uende na chenji.