Swichi ya PoE yenye kitufe cha mita 250: uzoefu wangu na kamera ya getini
Kutoka ofisini hadi getini, kwenye mabanda yetu ya kuku Kibaha, waya unakula mita 170 na ushee. Mafundi wote walinijibu vilevile: kebo ya mtandao ya shaba mwisho mita 100, yaani 90 za kulaza na 10 za vipande vya kuunganishia huku na huku. Kiwango ndicho hicho kweli. Ila Kariakoo nilionyeshwa swichi ya PoE (kifaa kinachogawa mtandao na kupeleka umeme kwenye waya huohuo) ya milango minne, yaani matundu ya kuchomeka waya, yenye kitufe pembeni, "Extend", na boksi lake linatamba mita 250. Nikaichukua.

Inafanya kazi, lakini jua inachofanya. Ukiwasha kitufe, kasi ya mlango inashuka kutoka Mbps (megabiti kwa sekunde) 100 hadi 10. Ishara ya masafa ya chini haififii upesi kama ya masafa ya juu, ndiyo maana inafika. Kamera yangu ya megapikseli 4 nimeiweka H.265, mfumo wa kubana video, inatumia kama Mbps 4, chenji inabaki. Mchana picha haigandi, namba ya bodaboda inasomeka.

Usiku ndipo palipokuwa na shughuli. Giza likiingia tu, kamera inazima, inawaka, inazima tena. Taa zake za infraredi, za kuonea gizani, zinadai umeme zaidi, na waya mrefu unaumeza njiani. Nikachukua wembe, nikakwangua uzi mmoja wa kebo aliyoilaza fundi wa mwanzo: juu wekundu, ndani kweupe. Alumini iliyopakwa shaba, ndiyo iliyozidi kuumeza umeme! Tukalaza kebo ya mtandao ya daraja la Cat6, ya shaba tupu, ndani ya bomba, na tangu hapo kamera inakesha. Boksi la mita 305 la shaba lina bei, sikufichi. Lile la alumini utalijua hapohapo dukani ukilinyanyua, jepesi mno.

Kwa kamera moja au mbili naipa nyota nne. Ya tano nimeibana kwa sababu kitufe kinashusha milango yote kwa mpigo, ikabidi kompyuta ya ofisi niihamishie kwenye ruta. Kupeleka intaneti kwa mlinzi, sahau, Mbps 10 ni mateso. Na kama kwako radi ni nyingi au umbali unazidi mita 250, nunua faiba (waya wa kioo unaopitisha mwanga) na konveta zake mbili za kubadili mwanga na ishara ya umeme: faiba haipitishi umeme wa radi kutoka getini hadi mezani, ila umeme wa kamera utautafuta hukohuko getini.