Kuku wanadonoana: ukate midomo au utundike kabichi?

Hili swali haliishi kwa sisi wafugaji wa uani. Mimi nimejaribu zote mbili kwahiyo sisemi ya kusikia.

Gharama kwanza. Kukata unalipa mara moja, fundi anakuja na kisu cha moto asubuhi moja kamaliza. Kabichi ni ya kila siku, ila kama una bustani ni bure kabisa.

Kwenye uhakika kukata kunashinda, lakini ndo penye balaa, ile ncha ya mdomo ina mishipa ya fahamu, ukizidisha kuku anavuja damu, anashindwa kula, na wenzake wakishaona damu ndo wanamfuata zaidi, afu ukikata kidogo sana mdomo unaota tena. Wakubwa usiwaguse mwenyewe, vifaranga wa siku 7 hadi 10 ndo wanavumilia.

Kabichi inafungwa kwa kamba juu kidogo ya kichwa, wairukie, wachoke. Ila banda likibana au chakula kikipungukiwa protini wataimaliza fasta warudi kwenye mikia, kwahiyo ongeza dagaa, kuku watano kwa mita ya mraba wanatosha, punguza mwanga. Mwenye kidonda mtenge umpake GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda.

Una kumi na uwanja wa kuparua? Anza na kabichi. Una mia mbili wa ndani tu, muite mtaalamu wakiwa bado wadogo. Kuna tetea wangu mmoja hakusikia chochote, aliishia sufuriani.