Kamba ya nailoni kwa winchi ya nanga: duka moja la Ggaba

Mwenye boti yenye winchi, yaani mashine ya kuvuta nanga, asinunue kamba ya nanga kwa kuikadiria kwa macho. Kwenye duka la vifaa vya uvuvi karibu na mwalo wa Ggaba, Kampala, kwenye Ziwa Victoria, mzee muuzaji aliniuliza kwanza gurudumu la winchi yangu linachukua saizi gani. Nikamwambia: kamba milimita 12, na mnyororo wa upande wa nanga milimita 8. Akaibana kamba kwa kipimo cha chuma mbele yangu, ikasoma 12 kamili. Nyembamba huteleza, nene hukwama.

Nilichukua ya nailoni, ya nyuzi tatu zilizosokotwa. Ile ya plastiki ya bluu ni ya bei nafuu, lakini inaelea, jua huila upesi, na upepo wa ghafla ukikupiga njiani kwenda visiwa vya Ssese haivutiki kama nailoni, basi mshtuko wote unaishia kwenye nanga.

“Mzee, hii ni nailoni kweli?” Akakata kipande, akakikamua ndani ya beseni la maji kitoke hewa. Kikazama, basi si ile ya plastiki inayoelea. Muuzaji wa namna hiyo namwamini.

Bei iko juu, ila kamba ni laini na inapita vizuri kwenye gurudumu.

Kasoro ni moja, na si ndogo: hawaunganishi kamba na mnyororo. Fundo halipiti kwenye winchi; lazima nyuzi zifumuliwe, zipitishwe kwenye pete ya mwisho ya mnyororo, kisha zisukwe kurudi ndani ya kamba. Kazi hiyo nilifanyiwa na baharia mmoja pale mwaloni, akachoma ncha zisifumuke.