Carina Ti yangu, moshi wa bluu, na fundi wa Mtwara anayepima kabla ya kufungua

Gari la miaka ya tisini likianza kutoa moshi huku kwetu, jibu huwa moja: "Injini imekufa hiyo, tafuta mtumba." Mimi natumia Toyota Carina Ti yenye injini aina ya 7A-FE, safari zangu nyingi ni Masasi na Lindi, na jibu hilo nililipata kwa watu wawili kabla sijafika kwa fundi ninayetaka kumwelezea hapa. Gereji yake iko upande wa Chikongola, hapa Mtwara mjini. Haina bango wala paa la maana, lakini ina kipimo cha kompresheni, yaani cha nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda, na ina mtu anayejua kukisoma. Nilimlipa kwanza kwa kazi ya kupima tu, bila kufungua kitu. Naandika kwa sababu watu wengi Mtwara hawajui kwamba huduma hiyo unaweza kuiomba peke yake, na kwa baadhi yetu injini ya mtumba ni pesa ya korosho ya msimu mzima.

Dalili za gari langu: likilala usiku, asubuhi ukiwasha linatoa wingu la bluu lenye harufu ya oili iliyoungua, kisha baada ya dakika chache moshi unakata. Ukiwa barabarani kwa mwendo wa kawaida huoni kitu. Likikaa kwenye silensa muda mrefu, yaani limesimama huku injini inaunguruma, kama zile foleni za matengenezo ya barabara upande wa Somanga, ukikanyaga mafuta linatoa tena. Oili ilikuwa inapungua karibu lita moja kwa safari ya kwenda na kurudi Dar, yaani kama kilomita 1,100. Kwa gari jipya hiyo ni nyingi mno. Kwa gari la umri huu ni kiwango cha kuanza kutafuta sababu, si cha kuzika injini.

Fundi hakugusa spana kwa muda mrefu. Alianza na maswali, na baadhi sikuwahi kuulizwa na mtu mwingine. "Mwalimu, moshi unatoka ukiwasha, ukipanda mlima, au ukishuka halafu ukakanyaga?" Akauliza kama maji ya rejeta yanapungua. Akauliza oili ni namba gani, na kama kuna mtu amewahi kuizidisha, maana oili ikipita alama ya juu kwenye dipstiki nayo huvukizwa na kuungua. Kisha akaniambia nililaze gari hapo, akatandaza boksi lililokunjuliwa chini ya injini. Asubuhi boksi lilikuwa na kitone kimoja kidogo upande wa sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini, basi. Kwa hiyo oili ilikuwa inaungua, haivuji. Watu wanaruka hatua hii, wakati sili ya krenki (raba inayozuia oili kwenye mhimili mkuu wa injini) inayovuja inaweza kukulia oili nyingi bila moshi hata kidogo.

Kuhusu rangi, alinifafanulia vizuri kuliko nilivyowahi kusikia. Bluu ni oili. Nyeusi ni petroli nyingi kuliko hewa, na hapo unatazama kichujio cha hewa, sensa au nozeli; ringi, zile pete za pistoni, hazihusiki. Nyeupe inayoning'inia hewani na kuacha harufu tamutamu ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda, mara nyingi kwa gasketi ya silinda hedi. Nyeupe nyepesi inayopotea haraka ni mvuke tu. Hili la mwisho naliongezea mwenyewe kwa wenzangu wanaokwenda Newala: kule juu asubuhi za Juni na Julai hata gari lisilo na tatizo lolote linafuka mvuke kwenye ekzosi, na nimeona watu wakiitana kwa hofu. Subiri injini ipate moto ndipo uhukumu.

Jaribio la barabarani ndilo lililonifanya nimwamini. Tulikwenda mpaka mteremko wa kuingia Mikindani. Fundi akakaa pembeni yangu, kijana wake akafuata nyuma kwa pikipiki akiwa amembeba mwenzake mwenye simu anayepiga video. Nikaambiwa nishuke na gia, mguu nje kabisa ya mafuta, mpaka chini, halafu nikanyage kwa nguvu. Tuliposimama tuliangalia ile video kwenye kivuli, tena na tena. Mteremko wote ekzosi ilikuwa safi. Nilipokanyaga tu, likatoka bonge la moshi wa bluu, likafifia baada ya sekunde mbili tatu. Kisha tukapanda ule ule mlima kurudi, injini imebanwa, mafuta yamekanyagwa, na nyuma hakukuwa na moshi wowote.

Maelezo yake ni haya. Ukishuka na gia bila mafuta, injini inavuta hewa kwa nguvu huku mlango wa hewa umefungwa, kwa hiyo kunakuwa na mvuto mkubwa kwenye njia ya kuingizia hewa. Mvuto huo unanyonya oili kutoka juu ya hedi kupitia sili za valvu zilizochoka, yaani vile vipande vya raba vinavyozuia oili isichirizike kwenye vijiti vya valvu. Oili inajikusanya, na ukikanyaga inaungua kwa mkupuo. Kuwasha asubuhi ni jambo hilo hilo: usiku oili imechirizika taratibu kwenye vijiti vya valvu. Ringi zikiwa ndizo mbovu, moshi unatoka zaidi injini ikiwa na mzigo, na haukati.

Hata hivyo alikataa kutoa hukumu kwa video pekee. Tuliporudi, injini ikiwa ya moto, alichomoa plagi zote nne na kuzipanga kwenye ubao kwa mpangilio wa silinda. Ya pili na ya tatu zilikuwa na masizi magumu upande mmoja na oili kwenye nyuzi. Akakata umeme wa cheche na mafuta, akaniambia nikanyage pedali mpaka chini na kupiga staa, silinda moja baada ya nyingine. Vipimo vilisimama kati ya psi (kizio cha presha) 168 na 175. Kwa 7A-FE kiwango cha injini ambayo haijachakaa ni psi 191, cha chini kinachokubalika ni 142, na tofauti kati ya silinda isizidi 14. Halafu akamimina kijiko cha oili kwenye kila tundu la plagi na kupima upya. Ringi zikiwa zimelika, oili inaziba nafasi na kipimo kinaruka. Changu kilipanda kidogo tu, psi tano au zaidi kidogo, sawasawa kwa silinda zote.

Hapo fundi wa kawaida angesema ringi ni nzima. Huyu akaniambia jambo ambalo wenye Spacio, Allion na Premio za injini ya 1ZZ-FE walisome mara mbili. Pistoni ina ringi tatu. Mbili za juu ndizo zinazobana kompresheni, ya tatu ya chini kazi yake ni kukwangua oili. Kipimo kinasoma zile mbili tu. Kwa hiyo injini inaweza kuonyesha kompresheni nzuri kabisa na bado ikala oili, kwa sababu ringi ya oili imeganda kwa masizi. Pistoni za 1ZZ-FE za mwanzo zilijulikana kwa hilo: matundu ya kurudishia oili yalikuwa madogo na yakaziba, mpaka Toyota ikabadilisha pistoni baadaye. Ndiyo maana kipimo peke yake hakitoshi, na video peke yake haitoshi. Kwangu vyote vilielekea upande mmoja: sili za valvu.

Kabla ya sili, alichomoa valvu ya PCV, kile kidude kwenye kifuniko cha juu kinachorudisha mvuke wa oili kwenye njia ya hewa. Akakitikisa sikioni pangu: kimya. Kizima hulia. Kikikwama, presha inajaa ndani ya injini na oili inasukumwa kila mahali. Akaniwekea kingine, akaniambia niende nikatumie gari kwanza, nipime kwa dipstiki, nirudi. Alikuwa na kila sababu ya kunifungulia injini siku ile ile na kunitoza. Moshi wa asubuhi ulipungua kidogo ila haukuisha, nikarudi.

Sili za valvu zilitoka Gerezani, Dar, zikaja kwa basi. Injini hii ina valvu 16, kwa hiyo ni sili 16, na za kuingiza hewa na za kutoa moshi hazifanani, hazichanganywi. Nilikaa kuangalia kazi yote. Hakushusha hedi. Alifungua mikanda na kamshafti (mihimili inayofungua valvu), na kabla ya kuzitoa alifunga pamoja vipande viwili vya gia ya kamshafti kwa boliti ya milimita 6, maana ikiachwa huru springi yake inafyatuka na kuirudisha ni shida. Vifuniko vya kamshafti alivilegeza kidogo kidogo kwa zamu. Ukifungua upande mmoja wote kamshafti inaweza kukatika. Kuzuia valvu zisidondoke ndani ya silinda, alichukua kamba safi ya nailoni ya wavuvi, akaisokomeza kwenye tundu la plagi mpaka ikajaa, akazungusha krenki kwa mkono hadi pistoni ikaibana kamba dhidi ya valvu. Valvu zikatulia. Akabana springi, akatoa vipini vidogo vinavyoshikilia springi kwenye valvu, akang'oa sili kwa koleo. Kamba inaachwa na ncha nje, ndefu, na kabla ya kufunga anaihesabu imetoka yote. Sili za zamani zilikuwa ngumu kama ganda la korosho. Moja ilipasuka vipande mkononi mwangu kwa kuibonyeza tu.

Watu wawili walionishauri mwanzo walinipa pia njia za mkato: mmoja oili nzito ya 20W-50, mwingine chupa ya dawa ya kuzuia moshi. Oili nzito kwa joto la Mtwara na injini ya zamani haidhuru, na kweli inapunguza kasi ya kuchirizika. Lakini haiwezi kulainisha sili iliyokauka. Dawa za chupa zipo zinazovimbisha raba kidogo, na kwa sili iliyoanza tu kukauka zinaweza kusaidia kwa muda. Kwa sili inayopasuka mkononi ni pesa ya bure. Wakati huo huo oili inayoungua inaharibu sega la ekzosi, lile linalosafisha moshi, na sensa ya oksijeni, na gari linaanza kula petroli.

Sasa hali ikoje? Moshi wa asubuhi hakuna. Nimekwenda Masasi na kurudi, kama kilomita 400, dipstiki haikusogea kwa macho. Kwa safari ya Dar inapungua kidogo, chini ya robo ya ilivyokuwa, na fundi alishaniambia ringi za umri huu zitaendelea kunywa kidogo. Kwa hilo nimeridhika kabisa.

Kasoro zipo. Anashika gari moja moja, kwa hiyo foleni ni ndefu, na msimu wa korosho ndiyo usiseme, malori madogo yanajaa. Hana kivuli cha wateja. Hatoi risiti wala maandishi. Vipimo vyangu vya silinda nilivipiga picha mwenyewe ubaoni, na nakushauri ufanye hivyo, kwa sababu namba za leo ndizo utakazolinganisha miaka miwili ijayo. Bei ya kupima haikufika bei ya galoni ya lita 4 ya oili nzuri. Kubadili sili ilikuwa zaidi, ila ukiweka pembeni ya injini ya mtumba ambayo nayo hujui imetembea kiasi gani, hakuna mjadala.

Ukimpelekea gari, usiende nalo limeoshwa injini, maana anataka kuona oili imevujia wapi. Usibadilishe oili siku ya kwenda. Lipeleke jioni, liache lilale, na mwachie yeye aliwashe asubuhi likiwa baridi. Ukiliwasha nyumbani na kulifikisha la moto, atakurudisha uje siku nyingine.